Zanzibar Mmeshakwenda, Sasa Twendeni Ziwa Tanganyika

Natumaini wewe na laazizi wako bado mnaongea. Kama hamuongei, usifunge ukurasa. Mwezi huu nina kisa chenu.

Kila likizo zikikaribia, swali linalozunguka hapa ofisini ni lile lile: safari hii twende wapi? Na jibu nalo ni lile lile: Zanzibar. Fungate, Zanzibar. Maadhimisho ya ndoa, Zanzibar. Mmegombana mnataka kupatana, Zanzibar. Sina ugomvi na Unguja, mwenyewe nimekwenda na nitarudi. Lakini hebu tuambizane ukweli. Nchi hii ina maji mengine, tena matamu, na vijana wengi wa mjini tunayajua kwenye ramani ya darasa la nne tu.

Mimi na mume wangu tuliamua kuvunja mazoea. Mtoto tulimwachia bibi yake, kila mmoja akaomba ruhusa kwa bosi wake, tukaenda Kigoma. Nilidhani nakwenda kupiga picha za kuwaringishia mashoga zangu. Nilirudi na picha, ndiyo, lakini pia nilirudi na jambo moja kuhusu mume wangu ambalo kwa miaka sita ya ndoa sikulijua. Nitalifikia. Kwanza tulijue ziwa lenyewe.

ZIWA HILI SI LA MCHEZO

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673. Hiyo ni mbali kidogo kuliko kutoka Dar hadi Arusha kwa barabara, na yote hiyo ni maji. Upana wake ni kama kilomita 50 kwa wastani. Ndiyo maana ukilitazama kwenye ramani unaona kitu chembamba kama kidole, kimelala kati ya milima. Nchi nne zinalichangia: Congo ina takriban asilimia 45, sisi 41, Burundi 8 na Zambia 6.

Lakini kinachotisha si urefu. Ni kina. Pale penye kina kirefu zaidi ni mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolizidi, nalo ni Baikal la Urusi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukipiga hesabu utagundua kuwa sakafu yake iko chini kuliko usawa wa Bahari ya Hindi kwa karibu mita 700. Yaani uko bara kabisa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kivukoni, halafu chini yako kuna shimo linalopita usawa wa bahari!

Sababu ni Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kuachana taratibu, sehemu ya kati ikazama, kingo zikabaki juu. Kazi hiyo ilianza kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita na bado inaendelea. Ndiyo maana ukiwa ndani ya boti unaona milima ikishuka moja kwa moja hadi majini bila hata uwanda wa kupumzikia. Mito inayoingia ni mingi, mkubwa kwa upande wetu ukiwa Malagarasi. Unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaokwenda kuungana na mto Congo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Hata huo hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Maana yake, taka mnayoitupa leo mkiwa kwenye boti haina pa kwenda. Wajukuu wenu wataikuta.

Na kuna raha moja ambayo sisi wa pwani hatuna. Dar jua linachomoza baharini, saa ambayo wengi wetu tuko kwenye foleni au bado tunakoroma. Kigoma ni kinyume. Jua linazama upande wa ziwani, nyuma ya milima ya Congo, saa moja hivi jioni, ukiwa umeshaoga, umekaa, na mwenzako yuko pembeni. Maji yanakuwa rangi ya shaba, kisha zambarau, kisha milima inabaki kivuli tupu. Hakuna kiingilio.

SIKU NILIYONUNA KIBIRIZI

Sasa kisa. Mpango wetu ulikuwa kufika Hifadhi ya Gombe, iliyoko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma. Gombe hakuna barabara. Unakwenda kwa maji au huendi. Wenye mkwanja hukodi boti ya mwendo kasi. Sisi bajeti ilikuwa ya wafanyakazi wa kawaida, tukaamua kupanda boti ya abiria inayoondokea ufukwe wa Kibirizi mchana na kupita vijiji vya kando ya ziwa.

Tulipofika, boti ilikuwa imejaa. Saruji, kreti za soda, magodoro, mbuzi wawili, akina mama na watoto wao. Nahodha kijana mchangamfu akatuita, "Dada, shemeji, karibuni, nafasi zenu hizi hapa!" Mimi nikavua viatu, nikakunja suruali. Mume wangu akabaki amesimama kwenye mchanga.

"Kaka," akauliza, "maboya ya kuvaa yako mangapi?"

Nahodha akatazama huku na huku, akaonyesha matatu yaliyokuwa chini ya turubai. "Yapo, shemeji. Lakini ziwa leo limetulia, usihofu."

Mume wangu akatazama boti, akatazama ziwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hii hatupandi."

Wapenzi wasomaji, nilikasirika. Nilikuwa nimehesabu siku zangu nne za ruhusa moja moja. Nilikuwa nimeshalipa. Mbele yangu kulikuwa na bibi wa umri wa mama yangu amekaa kwenye gunia la saruji anakula karanga bila wasiwasi. Nikamwambia mume wangu maneno ambayo mwanamke hapaswi kumwambia mumewe mbele ya watu: "Hata bibi kakuzidi ujasiri." Watu wakacheka. Yeye hakujibu. Alichukua begi letu begani, akaanza kupanda kurudi barabarani.

Boti ikaondoka bila sisi. Jioni upepo wa kusi ukavuma, ziwa likachafuka, mawimbi yakawa yanapiga mawe kwa kishindo kama bahari. Najua unachotegemea kusoma. Hapana. Boti ilifika salama. Tulikuja kusikia kesho yake, ilichelewa kidogo tu. Kwa hiyo usiku ule nilikuwa na hoja yangu tayari, na niliitumia vizuri. Tulilala tumepeana migongo, mji ule mzuri wote uko nje ya dirisha.

SIRI YA MLINZI WA MABEGI

Asubuhi nilimkuta amekaa barazani, chai imepoa. Akaniambia bila kunitazama, "Mimi sijui kuogelea."

Nikacheka kwa sababu nilidhani anatania. Tumekwenda ufukweni mara ngapi? Bagamoyo, Kigamboni, Zanzibar mara mbili. Ndipo nikaanza kukumbuka. Kila safari, wakati wengine tumo majini, yeye ndiye aliyebaki na mabegi. "Nendeni, mimi nalinda simu." Kila safari. Nilikuwa namsifia kwa marafiki kwamba nina mume anayejali. Kumbe miaka sita alikuwa analinda simu kwa sababu maji yakimfika kifuani anaishiwa pumzi. Alikulia Dodoma, hakuna aliyemfundisha, na alipofika mjini umri ulikuwa umekwenda, akaona aibu kusema. Aibu ilipooana na ndoa, ikazaa ukimya.

Na mimi nilimwita mwoga mbele ya kijiji kizima.

Nilijiuliza maswali ambayo nakuachia na wewe. Mwenzako akisema "hapana", unamuuliza kwa nini, au unamuuliza kwa nini anakuharibia siku? Na wewe mwenye jambo lako la aibu, unangoja nini? Ungojee mpaka boti?

Kingine nilichojifunza ni kuhusu ile "nimeshinda" yangu ya usiku. Boti kufika salama hakukuthibitisha kuwa mimi nilikuwa sahihi. Watu zaidi ya ishirini na maboya matatu ni hesabu mbaya hata siku ambayo hakuna aliyekufa. Yeye alikuwa sahihi kwa sababu aliyahesabu maboya. Tena alikuwa sahihi akiwa na hofu, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Tulitumia siku ile katika ufukwe wa Jakobsen, kilomita chache kutoka mjini. Ni vighuba vidogo vya mchanga vilivyofichwa katikati ya mawe na miti. Maji ya Tanganyika ni angavu ajabu. Unasimama kifuani na unaona kucha zako. Nilimwambia alale chali, nikaweka viganja vyangu chini ya mgongo wake. Mara ya kwanza alikakamaa kama ubao. Mara ya tano, ya sita, mwili ukaanza kulegea. Sikuondoa mikono mpaka aliponiambia niiondoe. Alielea, labda sekunde kumi. Sijui niliwahi kumwona akicheka vile lini.

Keshoyake alfajiri, kabla upepo haujaamka, tulipanda boti nyingine kwenda Gombe. Ilikuwa ghali zaidi, tukagawana gharama na wageni wengine wawili, kila mtu na boya lake kifuani. Alikaa katikati, mkono wangu kaushika mpaka vidole vikafa ganzi. Sikulalamika.

KWA MASHEMEJI ZETU SOKWE

Gombe ni hifadhi ndogo, kipande cha milima na mabonde yenye mito inayoshuka ziwani, lakini jina lake linajulikana dunia nzima. Julai 1960 alishuka hapo binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, akiongozana na mama yake mzazi. Mwaka ule ule alimwona sokwe akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe. Mpaka siku hiyo wataalamu waliamini kuwa ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, utafiti unaendelea hadi leo, na Dokta Goodall mwenyewe alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, akiwa bado anazunguka dunia kuwasemea sokwe.

Kuwaona si kama kutazama simba ukiwa ndani ya gari. Unapanda mlima kwa miguu, unateleza, unashika mizizi, jasho linakutoka. Kisha mwongozaji anainua mkono, mnanyamaza, na mbele yenu familia imekaa. Unavaa barakoa, unakaa mbali kwa mita alizokupangia, na una saa moja tu. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi. Ukiwa na mafua, hata kama umetoka Marekani, hupelekwi. Kwa hiyo wiki ya safari mwambie mwenzako avae sweta.

Kinachowaleta pamoja wale ndugu ni kuchambuana manyoya. Wanaweza kukaa muda mrefu, mmoja anamsafisha mwenzake mgongo, taratibu, bila haraka. Wakigombana, mara nyingi ndio njia ya kupatana. Mume wangu akaninong'oneza kupitia barakoa, "Unaona? Hawasemi 'hata bibi kakuzidi'." Nilistahili.

Ukiwa na uwezo zaidi, kuna Mahale, kilomita 120 hivi kusini mwa Kigoma. Hii ilitangazwa hifadhi mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613, na mlima wake mkubwa, Nkungwe, una mita 2,462. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa huko tangu 1965. Huko nako hakuna barabara za magari ndani: ni boti au ndege ndogo, kisha miguu yako. Sokwe wa Mahale wana mtindo wao ambao wa Gombe hawana. Wawili wanakaa wanatazamana, kila mmoja anainua mkono mmoja juu, wanashikana hewani, na kwa mkono uliobaki kila mmoja anamchambua mwenzake kwapani. Watafiti waliuandika mtindo huo mwaka 1978. Mkirudi hotelini jaribuni, msije mkasema sikuwaambia.

NDOA ZA SAMAKI

Usije Tanganyika bila miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia. Penye mawe, hatua chache tu kutoka ufukweni, kuna samaki wadogo wa rangi za njano, buluu, weusi wenye mistari, utadhani umeingia kwenye yale matenki ya mapambo ya hotelini. Na kweli baadhi ya samaki wa matenki ya Ulaya asili yao ni hapa. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato na perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani.

Maisha yao ya ndani ndiyo yaliyonifurahisha. Kuna aina ambayo dume anazunguka ziwani kukusanya magamba matupu ya konokono, anayapanga kwake, na majike huja kutagia humo. Bwana ana nyumba nyingi na wake wengi, mmoja kila gamba. Mnawajua wanaume wa namna hiyo. Kuna kuhe, samaki mkubwa na mtamu, ambaye dume na jike hulinda watoto wao bega kwa bega. Na kuna wengine wadogo wa mchangani ambao mama hubeba mayai mdomoni kwa siku kadhaa, kisha humkabidhi baba, naye hubeba mdomoni mpaka watoto wakue. Ukiwa na mdomo umejaa watoto huli vizuri, lakini baba anabeba zamu yake. Nimemaliza.

USIKU WA TAA AU USIKU WA MWEZI?

Wapenzi wengi wakipanga safari ya kimahaba hutafuta mwezi mpevu. Kigoma itabidi mchague. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haifui dafu, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo usiku wa mwezi mnapata ziwa la fedha, kimya. Usiku wa giza mnapata ziwa limejaa taa mpaka mbali, kama vile kuna mji mwingine umejengwa majini. Sisi tulipata giza na taa. Tulikaa tukazitazama mpaka usingizi ukatushika, na kila taa ile ni baba wa mtu yuko kazini.

Hapa pana jambo zito kidogo. Kina chote kile cha maji hakina uhai wa samaki mpaka chini. Kina kikipita mita 200 hivi, maji hayana hewa ya oksijeni. Rutuba imelala huko chini, na ni upepo wa kusi wa kiangazi unaosaidia kuichanganya na kuipandisha juu. Rutuba ikipanda, dagaa wananenepa. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto, mchanganyiko huo unapungua. Tangu mwaka 2003 watafiti wamekuwa wakionyesha kuwa joto la dunia linapunguza chakula cha ziwa hili. Ongeza uvuvi uliopita kiasi, unapata nyavu nyepesi.

Ndiyo maana mwaka 2024 nchi nne zenye ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Mwaka 2025 wakafunga tena. Kwa mvuvi aliyeoa, miezi mitatu bila kazi ni mtihani wa ndoa usio na mfano. Wewe mtalii, ukipangia miezi hiyo uliza kwanza hali ya samaki sokoni, na ukikuta bei imepanda usinung'unike.

Samaki wakiwepo, kula mgebuka wa kuchoma au wa mawese, na ugali wa muhogo. Mawese ya Kigoma ndiyo yenyewe, mekundu, na harufu yake inakufuata mpaka kwenye nguo. Na usirudi bila dagaa wa Kigoma. Mama mkwe atakusamehe yote.

MKIWA NA SIKU ZAIDI

Nendeni Ujiji, jirani tu na Kigoma mjini. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na pana jumba la kumbukumbu na miembe. Lakini msiishie kupiga picha na sanamu za wazungu. Ujiji ilikuwa mwanzo wa safari ya watu waliofungwa minyororo, wakatembezwa kwa miguu mpaka Bagamoyo. Mkisimama pale mkumbuke kwamba nyinyi mmekuja kwa hiari yenu, na mmeshikana mikono.

Kisha ulizieni habari za MV Liemba. Meli hii ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli nyingine na reli, ikaunganishwa upya Kigoma mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, wakiwa wameipaka grisi mashine zake. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilibeba abiria mpaka karne hii. Miaka ya karibuni imekaa muda mrefu bila kufanya kazi, hivyo msiipangie safari kabla ya kuulizia. Lakini ndoa inayojiona imezama, ikumbuke Liemba. Ilikaa chini miaka kadhaa, na grisi iliisaidia.

Kusini kabisa, mkoa wa Rukwa, mnakutana na maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kabla mto haujaingia ziwani. Ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa Afrika, na ni Watanzania wachache waliokwisha kuyaona. Njiani kuna Kipili, penye visiwa vidogo na ukimya wa kutosha kusikia pumzi ya mwenzako.

KABLA HAMJAFUNGA BEGI

Usafiri. Ndege inafika Kigoma siku hiyo hiyo. Treni ya reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni ya wenye muda na wanaopenda kuongea. Chagueni kulingana na mfuko na hali ya uhusiano wenu.

Majira. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia za milimani ni kavu. Kusi nayo huvuma sana miezi hiyo, kwa hiyo safari za majini ziwe asubuhi. Masika, njia zinateleza.

Boti. Hesabuni maboya kabla ya kuhesabu viti. Kama hayatoshi, shukeni. Kesho ipo.

Kuogelea. Waulizeni wenyeji, si mapepe wa mjini. Kuna sehemu zenye mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito na matete. Kichocho nacho kipo baadhi ya sehemu. Penye mawe na maji angavu ndipo mnapotaka.

Maji kupanda. Ziwa hili lina tabia ya kupanda na kushuka. Mwaka 2024 lilipanda mpaka likaingia kwenye makazi, hasa upande wa Bujumbura. Ufukwe mliouona kwenye picha unaweza kuwa mwembamba mkifika. Pigeni simu kwanza.

Hifadhi. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Mwachieni bibi.

Pesa. Kubalianeni bajeti kabla ya kuondoka, na mtenge fungu la "boti nzuri". Ugomvi wetu wa Kibirizi, ukiuchimba, nusu yake ulikuwa pesa.

Na la mwisho halikai kwenye begi. Siku ya kwanza mkifika, mkiwa mmekaa mnatazama jua likizama Congo, kila mmoja amwambie mwenzake kitu kimoja anachokiogopa. Kimoja tu. Msicheke, msitoe ushauri. Chini yenu kuna maji ya mita elfu moja na ushee, na yamekaa na siri kwa miaka milioni. Hayatamwambia mtu.

Mume wangu siku hizi yuko kwenye darasa la kuogelea la watu wazima, kila Jumamosi asubuhi. Mimi ndiye ninayebaki na mabegi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Pendaneni.